Bango Liende, Maneno Yabaki



Mwaka jana, masika yalipokuwa yanaaga, alinijia nyumbani kijana mmoja anayefanya kazi katika kambi ya watalii wilayani Serengeti, karibu na mpaka wa hifadhi. Alikuwa na adabu zake. Aliniamkia, akanywa chai, akauliza habari za ng'ombe na wajukuu, kisha akataja kilichomleta. Alikuwa amesikia kwamba nimehifadhi mabango sita ya kibanda cha video kilichokuwapo zamani mjini Tarime, naye alitaka kuyanunua yote. Kambini kwao wamejenga ukumbi wa vinywaji, na ukutani wametundika bango la sinema iitwayo Hatari!, lililoletwa kutoka Ulaya likiwa ndani ya fremu ya kioo. Mabango yangu yangekaa kando yake. "Mzee, vitu vya kale ndivyo wageni wanavyopenda," alisema. Akanitajia laki tatu. Nikamwomba anipe muda wa kufikiri.

Nimefikiri, na makala haya ndiyo matokeo.

Kwanza niwaeleze mabango yenyewe. Ni vipande vya plaiwudi vilivyopakwa rangi nyeusi na kuandikwa kwa rangi nyeupe ya mafuta. Mwenye kibanda, mzee mwenzangu ambaye sasa anafuga kuku, alikuwa akiyaegemeza mlangoni kutangaza picha za jioni ile. Kibanda kilipofungwa aliyatupa uani. Nilipoyakuta, moja lilikuwa limeshageuzwa mlango wa banda la kuku, na mpaka leo lina alama ya bawaba. Alinipa yote bure, akacheka, akaniuliza kama nyumbani kwangu nimeishiwa kuni.

Hakuna hata jina moja la Kiingereza katika mabango hayo. Mzee yule hakusumbuka na majina ambayo filamu zilikuja nayo. Alizitazama kwanza yeye mwenyewe, kisha akazibatiza. Bango moja linasema: MTOTO YATIMA KISASI. La pili: JAMBAZI KAVAA JOHO. La tatu: MJANE ANA BUNDUKI. Chini ya kila jina kuna maonyo na vishawishi: ASIYE NA HAMSINI ASICHUNGULIE, STERINGI HAFI, NJOO UONE MWENYEWE. Sasa ninyi washairi hesabuni mizani ya majina mawili ya mwisho kati ya hayo. Kila moja ni mizani minane kamili, kipande kizima cha mshororo. Aliyeyaandika hakupata kufundishwa arudhi na mtu yeyote. Alikuwa na sikio tu, na sikio hilo lilimwambia kwamba jina la namna hiyo hukaa mdomoni na husafiri hadi sokoni bila kudondoka.

Hoja yangu ni fupi. Sisi tupendao Kiswahili, tukiamua kukusanya masalia ya sinema na televisheni, tunapaswa kukusanya maneno kabla ya kukusanya vitu. Bango likiuzwa limeuzwa, kanda ikioza imeoza. Lakini maneno yaliyozaliwa kati ya watu wetu na picha zile bado yanaweza kuokolewa, na hakuna mkusanyaji wa Ulaya wala wa Marekani atakayetufanyia kazi hiyo.

Ukusanyaji wa masalia ya sinema ni biashara kubwa duniani. Mwezi Desemba 2024, jozi moja ya viatu vyekundu vilivyotumika katika sinema ya The Wizard of Oz ya mwaka 1939 iliuzwa mnadani nchini Marekani. Ukijumlisha ada za mnada, mnunuzi alilipa dola milioni 32.5. Siwacheki wanaofanya hivyo. Kiatu kile kimebeba utoto wa mamilioni ya watu, na mtu mwenye fedha hununua anachokithamini. Ninalosema ni kwamba katika soko hilo kubwa lugha yetu imo tayari, nasi hatujui kwamba imo.

Chukueni hilo bango la Hatari! Sinema hiyo iliongozwa na Howard Hawks, na mchezaji wake mkuu alikuwa John Wayne. Ilipigwa katika nchi iliyokuwa bado inaitwa Tanganyika, kabla ya Uhuru, ikatoka mwaka 1962. Wengi wa kambini hudhani ilipigwa kwetu Serengeti. Makao yake makuu yalikuwa Momella, chini ya Mlima Meru, mahali ambapo mchezaji mwenzake Wayne, Hardy Krüger wa Ujerumani, alipapenda hata akanunua shamba na kuishi hapo kwa miaka kadhaa. Lakini tazameni jina lake. Sinema ilipopelekwa Ufaransa iliitwa Hatari!, Italia iliitwa Hatari!, Ujerumani vilevile. Neno letu, lenye asili ya Kiarabu na lililozoeleka katika vinywa vya pwani kwa karne nyingi, lilichapwa kwa herufi kubwa nyekundu na kubandikwa katika kuta za miji ambayo wakazi wake hawakujua linatamkwaje. Kijana yule aliniambia kwamba wageni humwuliza bei ya bango na jina la mchezaji. Hajaulizwa hata mara moja maana ya neno.

Mfano wa pili ni Star Trek, mfululizo wa televisheni ulioanza kuonyeshwa Marekani mwaka 1966. Katika chombo chao cha angani alikuwamo afisa wa mawasiliano, mwanamke mweusi, aliyeitwa Uhura. Mchezaji wake, Nichelle Nichols, alifariki dunia mwaka 2022. Jina hilo lilitokana na uhuru wetu, likabadilishwa herufi ya mwisho ili lisikike kama jina la mwanamke. Picha zake, sare za mtindo wake na vinyago vyake vidogo vinakusanywa hadi leo. Ndani ya makabati ya kioo ya watu wasioijua Dodoma wala Lamu limekaa neno ambalo baba zetu walilipigia kelele viwanjani.

Mfano wa tatu uko mlangoni kwetu. Mwaka 1959 ilitoka filamu ya Kijerumani ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, ambayo jina lake maana yake ni kwamba Serengeti isife. Walizunguka angani kuhesabu wanyama kwa ndege ndogo iliyopakwa milia kama ya punda milia. Mwezi Januari mwaka huohuo wa 1959, filamu haijakamilika, Michael alifariki dunia ndege hiyo ilipogongana na tai. Alizikwa ukingoni mwa Kreta ya Ngorongoro, na baba yake, aliyefariki mwaka 1987, amelazwa pamoja naye. Filamu ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Mabango yake, picha zake na kitabu chake vinatafutwa na wakusanyaji mpaka sasa.

Nilipokuwa nafundisha wilayani Serengeti, mzee mmoja wa Kiikoma alinisimulia kwamba alipokuwa mtoto machungani aliiona ndege ile mara nyingi. Watoto wenzake waliipa jina lao, ambalo yeye alinifasiria kwa Kiswahili: punda asiyekula majani. Nilicheka, tukaendelea na mazungumzo mengine. Sikumwuliza jina lenyewe kwa Kiikoma. Sikuandika popote. Mzee huyo hayupo tena. Bango la Kijerumani la filamu ile unaweza kulipata leo ukiwa na fedha. Jina walilolitunga watoto wa Ikoma huwezi kulipata kwa fedha yoyote.

Upotevu wa aina hii haukuanza na mimi. Kati ya mwaka 1935 na 1937, pale Vugiri katika milima ya Usambara, palikuwa na mradi wa kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika kilimo, afya na mengineyo. Mmoja wa wakuu wake alikuwa Meja Notcutt, na fedha nyingi zilitoka katika shirika la Carnegie la Marekani. Zilitengenezwa filamu 35. Sauti haikuwekwa katika utepe wa picha. Iliwekwa pembeni, katika sahani za santuri, ili picha moja iweze kusemeshwa kwa Kiswahili hapa na kwa lugha nyingine kule. Katika filamu hizo 35, zinazojulikana kuwa zimebaki ni 3 tu, nazo zimehifadhiwa Uingereza. Na hata picha ikibaki, sahani yake ikivunjika, watu wa ndani ya picha hubaki mabubu. Wanalima, wanacheka, wanafungua midomo, na Kiswahili chao hakipo.

Baadaye, mwaka 1952, ikaja Muhogo Mchungu, sinema ya Kiswahili ambayo ndani yake alicheza kijana Rashidi Mfaume Kawawa. Miaka kumi baadaye kijana huyo alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Nchi yoyote ingejivunia sinema ambayo mchezaji wake amefika huko. Katika miaka yangu yote ya kuingia nyumba za watu sijapata kuliona bango lake wala tiketi yake. Nimekutana tu na wazee wanaotaja jina lake na kutabasamu.

Sasa nirudi Tarime, kwa sababu hapo ndipo penye deni langu.

Kizazi changu kiliiona sinema mara ya kwanza kwenye gari la serikali. Lilifika uwanjani jioni, likatundika kitambaa cheupe, na mtu mwenye kipaza sauti akaanza kueleza habari za pamba, choo na mbegu bora. Alieleza kwa Kiswahili. Kwa kuwa wazee wengi wa Kikurya wakati huo hawakukifuata vyema, mwalimu mmoja wa kijijini alisimama kando akiyarudia kwa Kikurya. Tulikuwa tunasikiliza sauti tatu: ya filamu, ya gari na ya mwalimu. Nadhani hapo ndipo nilipopenda kazi ya maneno.

Miaka ya 1990 vikaja vibanda vya video, vyenye jenereta nje na mabenchi ndani. Watu waliviita vibanda umiza, na sijaona jina lililotungwa kwa ustadi zaidi ya hilo, maana mle ndani unabanwa, unatoka jasho, mgongo unakuuma, na bado kesho unarudi. Humo ndimo zilimofikia kanda za filamu zilizotafsiriwa. Mtu mmoja alikaa na kipaza sauti, akaitazama filamu ya Kichina, ya Kihindi au ya Kimarekani, akaisimulia upya kwa Kiswahili juu ya sauti yake yenyewe. Aliyevuma kuliko wote alikuwa Lufufu wa Dar es Salaam. Baadaye kutoka Kenya tukapata kazi za DJ Afro. Sisi wa Tarime tulikuwa na bahati ya watu wa mpakani: bidhaa za Sirari zilipita pande zote mbili, na kijana aliweza kusikiliza Kiswahili cha Dar es Salaam Jumamosi na cha Nairobi Jumapili, akavilinganisha bila kuambiwa na mwalimu.

Mwalimu mwenyewe nilikuwa mimi, na niliviona vibanda hivyo kama adui wa somo langu. Chuoni tulifundishwa kulinda Kiswahili sanifu, nami nililinda kwa fimbo. Wanafunzi waliokamatwa kibandani niliwaadhibu. Siku moja, mwanzoni mwa miaka ya 2000, nilimkuta kijana wa kidato cha pili akiwa na kaunta buku iliyojaa hadi jalada. Alikuwa ameigawa kila kurasa kwa mstari wa katikati. Kushoto aliandika maneno aliyoyasikia kwa watafsiri wa filamu, kulia maana zake kwa jinsi alivyozielewa. Nilisoma kurasa mbili tatu, si kwa kutaka kujua, bali nipate la kumsimanga mbele ya wenzake. Kisha nikaitupa katika shimo la taka nyuma ya ofisi ya walimu, ambako karatasi za mitihani zilikuwa zinaungua.

Kijana alisema jambo moja tu: "Mwalimu, hayo siyo sinema. Ni maneno."

Katika kurasa zile ninakumbuka ingizo moja vizuri. Kushoto: kudungua. Kulia: "kumpiga mtu risasi uko mbali na yeye hakuoni." Siku ile nililicheka. Kudungua tulikujua sote: ni kuangusha kitu kilicho juu kwa kukilenga, iwe embe, iwe ndege. Nilidhani mtoto amekosea. Hakukosea. Alikuwa amelikamata neno likiwa safarini, linahama kutoka mtini kwenda vitani. Leo magazeti yanaandika mdunguaji bila kusita, na kila msomaji anaelewa. Mwanafunzi wa kidato cha pili, ambaye lugha yake ya nyumbani ni Kikurya, alikuwa amefanya kazi ya mwanakamusi: amesikia, amelinganisha, ameandika. Mimi niliyelipwa mshahara kwa kazi ya lugha ndiye niliyewasha moto.

Tulikutana tena miaka mitatu iliyopita. Sasa ni fundi wa simu, ana familia. Aliniamkia kwa heshima zote, nikamwuliza kama aliwahi kuandika daftari jingine. Akajibu taratibu, bila kinyongo: "Uliyachoma, Mwalimu, nami nikayaacha." Sikupata la kusema. Ndiyo maana nilikwenda kwa yule mzee wa kibanda kumwuliza kama amebakiza kitu chochote.

Najua yatakayosemwa na baadhi yenu. Wa kwanza watasema Kiswahili cha vibandani kilikuwa cha kihuni, na masalia yake hayastahili kabati la mpenda lugha. Nami nilisema hivyo kwa miaka thelathini. Lakini mtafsiri wa filamu alikuwa na shida ambayo sisi walimu hatukuwa nayo. Picha haimngoji. Akiona chombo, silaha au cheo kisicho na jina, ana nukta moja ya kulitafuta au kulibuni, na watu hamsini wanamsikiliza. Akikosea wanamzomea. Ipi kamati ya istilahi inayofanya kazi chini ya hukumu kali namna hiyo? Mengi aliyobuni yalikufa usiku uleule, na ni sawa. Machache yalibaki. Neno steringi, ambalo wenzetu husema stelingi, halina baba mwingine zaidi ya ukumbi wa sinema; sisi Wakurya tukaliweka r kwa sababu ulimi wetu haukuzaliwa na l. Halikuishia kumtaja shujaa wa picha. Limekuwa falsafa ya mtaani: mtu akinusurika ajali au akishinda kesi, wenzake humwambia kwamba steringi hafi.

Au litazameni neno rambo. Mfuko wa plastiki wa dukani uliitwa rambo nchini kote kwa sababu mifuko ya mwanzo ilichapwa picha ya yule komandoo wa sinema ya Kimarekani. Baadaye picha ikaondoka na jina likabaki hata kwa mifuko isiyo na picha yoyote. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ikapigwa marufuku. Nakubaliana na marufuku hiyo. Ng'ombe wangu wawili waliwahi kumeza mifuko ile. Lakini ni nani kati yetu aliyeweka mfuko mmoja wenye picha kama ushahidi wa namna neno linavyozaliwa? Wajukuu wangu wakikuta neno rambo katika riwaya watauliza, na wa kuwaonyesha hayupo.

Wa pili watasema kanda zile zilikuwa za wizi, kwa sababu wenye filamu hawakuulizwa. Hoja hiyo ni ya haki, na simshauri mtu yeyote azidurufu kanda hizo na kuziuza. Kuandika maneno yaliyosemwa, kuyapa tarehe na kuyaeleza, ni kazi nyingine. Mwanakamusi akinakili neno kutoka kinywa cha mtu sokoni hajaiba soko.

Wa tatu wana hoja iliyo nzito kuliko zote: njaa. Mtu mwenye sanduku la kanda au tiketi za zamani, akijiwa na mnunuzi mwenye laki tatu, anawaza ada za shule. Hatuna haki ya kumwambia asiuze. Tunachoweza ni kumwomba siku mbili kabla hajauza, tukae naye tuandike.

Kwa hiyo nasema hivi kwa wanaotaka kuanza. Ukilipata bango, lipige picha kwa simu yako pande zote mbili, kisha unakili maandishi yake neno kwa neno pamoja na makosa yake ya tahajia. Usiyasahihishe, maana kosa nalo ni ushahidi wa ulimi wa mahali. Andika lilikotoka na liliandikwa na nani. Usilipake rangi upya, na liinue juu ya sakafu lisiliwe na mchwa. Ukiwa na kanda za video, zisimamishe kama vitabu, mahali pakavu pasipo joto wala ukungu, mbali na spika kwa kuwa zina sumaku. Na usichelewe kuzisikiliza. Kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho kutengeneza mashine za kuchezea kanda hizo, iliacha mwaka 2016. Mashine zilizobaki ndizo hizohizo, na kila moja inayokufa inaondoka na uwezo wetu wa kusikia.

Lililo muhimu zaidi ni kuwatafuta watu. Waliokata tiketi, waliobeba kanda kwenye mabasi, waliochora mabango, waliosimulia. Wengi wana umri wangu au zaidi. Waulizeni mliziitaje sehemu za mashine, mlimwitaje mtu aliyeingia bila kulipa, filamu iliyokatika katikati mliiombeaje radhi kwa watazamaji. Mzee wangu wa kibanda aliniambia kwamba mtoto aliyechungulia dirishani bila kulipa waliita mwezi mchanga, kwa sababu unaona kipande tu cha uso wake. Neno hilo halimo katika kamusi yoyote niliyonayo. Sasa limo katika daftari langu.

Nimempigia simu kijana wa kambini. Nitamwuzia mabango mawili kati ya sita, na nusu ya fedha ni ya mzee wa kuku, ingawa anaapa kwamba haitaki. Sharti langu ni moja: chini ya kila bango kiwekwe kikaratasi chenye maelezo ya Kiswahili kwanza, kisha lugha nyingine, kinachosema maneno hayo yana maana gani, yalitungwa wapi na nani. Na chini ya lile bango la Ulaya kiwekwe kikaratasi kama hicho, kieleze kwamba hatari ni neno letu. Alinyamaza kidogo, akasema atamwuliza meneja. Baada ya siku mbili akarudisha jibu kwamba meneja amekubali, na kwamba anaomba nimwandikie maelezo hayo. Nimeyaandika.

Manne yaliyobaki hayauzwi. La mlango wa banda la kuku nimempelekea yule fundi wa simu, pamoja na kaunta buku mpya. Bango amelitundika dukani kwake. Daftari amelipokea, akaliweka chini ya meza. Sijui kama ataandika, wala sina haki ya kumwuliza.

Nanyi washairi nawaachia ubeti mmoja, mniwie radhi ukiwa na kasoro:

Sanduku liko chumbani, kanda zinaharibika,
Na lugha imo kandani, kila siku yafutika,
Tuandike daftarini, kabla haijatoweka,
Bango liende dukani, maneno tumeyashika.